Nusu Saa Yangu ya Saa Tisa Mchana

Admin nifichie jina, na la mwanangu nimelibadilisha, maana huku Mkolani tunajuana wote. Shikamooni wakubwa, wadogo nawasalimu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nina watoto wanne, na ni fundi cherehani. Nashona sare za shule barazani kwangu.

Mama yangu alidondoka na ndoo kichwani akiwa na miaka arobaini na tisa. Presha. Alikuwa mtu asiyejua kukaa chini, na msibani kila aliyesimama alimsifia kwa hilo hilo. Mimi nimerithi vyote viwili. Naamka saa kumi alfajiri, na mpaka nilale nimeshafanya kazi za watu watatu. Mwezi wa kumi na mbili nesi alinipima, akarudia, akaniangalia usoni. Akasema, "Mama, dawa utameza, lakini na mwili uupe nafasi. Hata nusu saa kwa siku, ulale, upumzike kabisa." Nilitoka pale nikiwa na hofu moja tu, kwamba nitaondoka kama mama na kuacha wanangu wadogo.

Mwaka mpya wenzangu kanisani walijiwekea ahadi kubwa kubwa, huyu kupunguza kilo, yule kufunga kila Ijumaa. Mimi nikajiahidi nusu saa. Ikifika saa tisa mchana naacha cherehani, naingia chumbani, natandika mkeka, simu nazima. Nikamwambia binti yangu Esta, ana miaka kumi na tano, "Akija mtu mwambie mama anapumzika." Ndugu zangu, siwezi kuwaeleza ule utamu. Nilikuwa nasikia bati linavyolia kwa jua na kuku wa jirani wakiparua nje, na hakuna aliyeniita. Siku ya pili nililia, na wala sikuwa na huzuni.

Lakini kwetu mwanamke mzima halali mchana. Akilala, anaumwa. Haikupita wiki mbili, jirani yangu Mama Neema akaja na kina mama wanne wa jumuiya, wamebeba sukari na sabuni. "Pole mayu, pole mama, tumesikia hali si nzuri." Nikasema mimi mzima, napumzika tu. Wakatazamana. Wakaniombea hivyo hivyo, kisha nikainuka kuwapikia chai. Keshokutwa yake wifi yangu akafika kutoka Misungwi na watoto wawili, kaja kumuuguza mgonjwa! Alikaa siku tisa. Mgonjwa ndiye aliyekuwa anasonga ugali.

Alipojua siumwi, alinuna. Alimwambia kaka yake nikiwa pale pale, "Mwanamke akilala mchana kama hana mimba basi ni mvivu." Mume wangu si mtu mbaya, ila anaogopa sana maneno ya watu. Akaniambia, "Kama unaumwa sema nikupeleke hospitali. Kama huumwi, usinitie aibu." Nilimwambia ninachofanya ni ili nisiumwe. Akacheka, akasema hajawahi kusikia dawa ya mtu asiyeumwa.

Mtaani nikapewa jina, Bosi. Nikipita gengeni naulizwa, "Bosi, leo umeamka saa ngapi?" Na mimi nacheka nao, huku roho inauma. Lakini sikuacha. Nilijiambia acha waseme, mdomo haulipiwi kodi.

Jumamosi moja mwezi wa pili, niliingia chumbani saa tisa kama kawaida. Nilipoinama kutandika mkeka, upande wa kushoto ukaniishia nguvu, nikaenda chini. Nikafungua mdomo kumwita Esta, ulimi ukawa mzito, haukutoa neno. Hapo hapo nikasikia Mama Neema yuko mlangoni ananiulizia. Esta akamjibu, "Mama anapumzika." Mama Neema akacheka, "Haya, tusimuudhi Bosi." Nikasikia kandambili zake zinakwenda.

Baadaye Esta aligonga mara moja. Nilipokaa kimya alidhani usingizi umenichukua, akanionea huruma, akaniacha nilale. Baba yake ndiye aliyenikuta, saa kumi na mbili jioni.

Nimerudi kutoka hospitali. Natembea kwa kuburuta mguu, naongea polepole, na mkono wa kushoto hauwezi kuongoza kitambaa kwenye cherehani. Sukari na sabuni zimeletwa tena, safari hii kwa haki. Wifi anasema kulala lala kule ndiko kulikouita ugonjwa, na mume wangu ameanza kumwamini. Hataki kuniona nimelala mchana, ananiambia nijikaze. Sina nguvu ya kubishana naye, na mkeka wangu umepelekwa jikoni.

Kazi zote sasa ni za Esta. Anaamka saa kumi alfajiri, anateka maji, anapika, anaogesha wadogo zake, ndipo aende shule. Hajaniambia kitu kuhusu siku ile, ila kila nikiwa kimya kidogo anakuja kunigusa bega. Wageni wakija wanamsifia, "Huyu mtoto hakai chini, kama bibi yake."

Juzi alirudi kutoka shuleni, akaketi barazani kuchambua mchele, na usingizi ukambeba, kichwa kikaangukia kwenye ungo. Ilikuwa saa tisa. Nilimtazama mwanangu na nilitaka kumwekea hata khanga chini ya kichwa. Mara nikasikia watu wanakuja njiani. Kwa ulimi wangu huu huu mzito nikamwambia, "Esta, amka. Watu watasemaje?"

Akaamka, akaniomba msamaha.

Kwa upande wangu nimeshakata tamaa, sitawadanganya. Lakini huyu mtoto ana miaka kumi na tano. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini, na nianzie wapi, ikiwa aliyemwamsha ni mimi?