Kengele ya Jumatano

Mama Sidonie Uwitonze alirudi shuleni akiwa tayari mama wa watoto wanne. Asubuhi aliuza maziwa kwenye soko la Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu. Mchana alikaa nasi chuoni, akisoma namna serikali inavyolinda raia wake. Sisi vijana tulikariri sheria ili tufaulu. Yeye aliuliza kila mwalimu swali lile lile: "Hatari ikikuja, nani anaambia watu ya kilima yetu?"

Kwa kazi yake ya mwisho aliamua kuwakutanisha wakulima wa bondeni na wafugaji wa juu, watu wa kwao, wapange pamoja namna ya kuonyana hatari inapokuja. Kama wasingekuja, kilima kingebaki bila mpango. Nilimsindikiza ili nimsaidie kuandika. Watu walipochelewa, akaomba kengele ya kanisa la bondeni ipigwe kuwaita.

Ilikuwa Jumatano. Mara bonde zima likaanza kukimbia, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Jirani yake mkulima, Mama Béata, alitupita na sufuria ya maharagwe ya moto. Tuliwafuata tukipaza sauti kwamba hakuna hatari. Walirudi wakihema, wamekasirika.

"We Sidonie, unataka kutuua na mbio?" Mama Béata alifoka.

"Munisamehe, dada. Miye najua tu kengele ya Jumapili, tukishuka kusali."

"Na ya siku ingine, ya kukimbia hatari, je?"

"Kule juu haifikake. Hatujaisikia hata siku moja."

Mama Béata akashusha sufuria. "Kumbe! Tulisemaka wale hawakimbie juu wanapenda ngombe yao kuliko roho yao."

"Na siye tulisemaka munatukimbia."

Hapo akatokea mfugaji Papa Kanamugire, fimbo begani, ametulia. "Mukutano iko wapi? Mbona watu wanahema?"

Hata waliokasirika walicheka. Maharagwe yakaliwa, na mkutano ukafanyika palepale, kuizunguka sufuria. Walikubaliana kwamba kengele ikilia, Mama Béata, ambaye nyumba yake iko katikati ya kilima, atapuliza pembe ili watu wa juu wasikie. Papa Kanamugire akampa pembe yake ya kuitia ng'ombe.

"Jaribu, Mama."

Mara ya kwanza ilitoka sauti ya mbuzi mgonjwa. Mara ya pili ng'ombe wa Papa Kanamugire walianza kushuka mteremko, na nyuma yao mke wake, akiuliza kwa sauti kuna nini.

"Imefika!" Mama Sidonie alisema. Akamkumbatia Mama Béata, akamshukuru Papa Kanamugire, akamshukuru mama aliyeshuka, na ng'ombe wa mbele walipotufikia akawashukuru nao, akiwapapasa shingo mmoja mmoja.