Meneja wa Maharagwe

Sijawahi kumwambia mtu: yule "Meneja" anayejibu wateja wa Mama kwenye WhatsApp ni mimi.

Ndiyo, mimi ninayejificha chumbani wageni wakija.

Mama aliacha kazi ya kiwandani ili awauzie watu wa Kitengela maharagwe yaliyochemshwa tayari. Wateja bado ni wachache. Kwa hivyo mimi huwaandikia vizuri sana: "Mteja wetu mpendwa, tumepokea ombi lako kwa unyenyekevu."

Leo Mama Nasieku, mwenye hoteli Kajiado, akabisha mlangoni. Alitaka ndoo nne kila wiki.

Nne!

"Lakini kwanza nione yule mzee meneja," akasema. "Siagizi kwa mtu sijamwona."

Mama akanigeukia. Nilikuwa na soksi za shule na kitabu cha Biolojia.

"Mzee mwenyewe ni huyu."

Mama Nasieku akacheka mpaka akashika ukuta. "Woi! Na vile nimekuwa nikimwandikia shikamoo!"

(Kweli. Mara tatu. Na mimi nikajibu marahaba. Nisameheni.)

Kisha akaacha kucheka. "Haya mzee, maharagwe yakiharibika njiani?"

Mama alikuwa amefumba macho.

Nikatoa simu, nikaandika. Simu ya Mama Nasieku ikalia mkobani, akasoma kwa sauti: "Mteja wetu mpendwa, tutakuletea mengine siku hiyo hiyo."

"Ni yeye kabisa!" akasema. "Nipangieni ndoo zangu."

Jamani, nyinyi mngefanyaje?

Mimi nilimwambia shikamoo, kwa mdomo wangu, kisha nikaenda kuloweka maharagwe.