Hita ya Samaki wa Mokeira

Siku niliyomwona mara ya kwanza, yule mama muuza samaki wa mapambo mjini Kisii alikuwa amezamisha mkono ndani ya tangi la kioo hadi kwenye kiwiko. Hivyo ndivyo alivyopima joto. Kipimajoto alikuwa nacho, lakini alikitazama baada ya mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu anayefua kutwa. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba binti yangu Mokeira amelazwa, na ameniachia samaki wake niwatunze mpaka arudi. Nikaomba hita ya umeme ya kupashia maji yao joto, kubwa kuliko zote.

"Unataka kuwapika, baba?" akauliza, bila kucheka. Alitaka kujua tangi linaingia ndoo ngapi, na nyumba iko wapi. Niliposema Ikonge, kwenye mashamba ya chai, alipangusa mkono kwenye aproni akanichagulia ya wastani. "Huko ni baridi. Stima ikipotea, funika tangi na blanketi. Maji moto usiwaongezee." Kila nilipopita hapo nikitoka hospitali aliulizia samaki kwanza, kisha mtoto, kwa sauti ile ile.

Baada ya mazishi nilimpelekea ile hita, nimeifunga kwa gazeti. Nikamwambia samaki wote ni wazima, ila siwezi tena kuwatazama. Hakuipokea. Alitumbukiza mkono kwenye tangi lililokuwa karibu, akauacha humo kitambo.

"Hiyo irudishe majini leo," akasema. "Kesho uwalete. Lakini uwalete na maji yao, Baba Mokeira. Wasishtuke."