Fundi Aliyeng'ata Bisibisi

Mtaani kwao, mashine ndogo ikigoma, watu hawakuulizana waipeleke wapi. Jenereta, pampu ya maji, mashine ya kukata majani, zote zilikwenda kwa Fundi Masikio. Jina hilo walimpa wateja kwa kumsifu. Wenzake walihangaika na kabureta hadi jasho liwatoke. Yeye aliinamisha kichwa, akafumba macho, akazungusha skrubu huku akisikiliza. Mashine ikitulia, naye alitulia. Majivuno alikuwa nayo, tusifichane.

Balaa lilianza pale mashine zilipoanza kurudi. Mwenye pampu alilalamika kuwa inakunywa mafuta kupita kiasi. Mama wa saluni naye akasema jenereta yake inanguruma hata ikiwa haina kazi, wateja wake hawawezi hata kupiga umbea. Fundi akawafokea kuwa hawajui kutunza vitu. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi: wote wawili wakaishia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Aliyemwambia ukweli ni mkewe. Alimletea chakula karakana akakuta pampu nyingine inanguruma hadi makopo ya skrubu yanatembea mezani. Akaizima mwenyewe.

"Wewe mwanamume, mbona unatesa mashine ya watu?"

"Nimeiweka sawa. Sailensa, ule mwendo wake ikiwa haina kazi, ilikuwa chini mno, haisikiki."

"Haisikiki na nani? Mimi nimeisikia tangu kule kona!" Akamsogelea, akamtazama usoni. "Baba watoto, kila mashine unaipandisha mpaka wewe uisikie. Masikio yako yamechoka."

Alikataa katakata. Akasingizia magari, akasingizia mabati ya jirani. Lakini mkewe alipoondoka aliiwasha pampu, akaishusha polepole. Mngurumo ukafifia, ukapotea, akadhani imezima. Aliposhika tangi, likawa linatetemeka. Mashine ilikuwa inatembea, tena vizuri tu. Fundi alikaa juu ya tairi bovu akaogopa kwelikweli, maana kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka.

Daktari alisema kelele za miaka mingi zimeyala masikio, na kilicholiwa hakirudi.

"Basi nitatumia kingine," fundi akasema, akarudi karakana.

Alijaribu kiganja. Kiganja kilimwambia mashine inatembea, ila hakikujua kama inakohoa. Akajaribu kiwiko, akajaribu kifua, mpaka shati likaungua kwenye ekzosi na mkewe akamchamba. Siku moja mikono yote ilikuwa na kazi, akabana bisibisi refu kwa meno. Ncha ikagusa injini. Mtetemo ukapanda tayani ukaingia fuvuni, na pale mashine ilipokwama kidogo, alikuhisi kule kukwama kama anavyohisi jiwe kwenye wali. Aliruka nusura ameze kipini.

Tangu hapo kila jioni alijifunza upya kwenye injini kuukuu. Bisibisi refu mdomoni, fupi mkononi, mkewe mbele yake akiwa hakimu: kidole juu, imezidi, kiganja chini, inataka kuzima. Walibishana sana. Taya lilimuuma akawa anatafuna upande mmoja, lakini hakuacha.

Mkewe ndiye aliyemshawishi mama wa saluni amjaribu mara moja tu. Jenereta ikaletwa, na wapita njia nao wakasimama, kwani nani asiyependa kuona mtu akiumbuka?

Fundi alisafisha chujio la hewa. Akafunga skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta taratibu mpaka ikakaa, akairudisha mzunguko mmoja na nusu. Akawasha, akaiacha ipate moto, ndipo akang'ata bisibisi. Watu wakacheka. Akafungua skrubu mpaka injini ikayumba, akafunga mpaka ikayumba tena, akaiweka katikati. Kisha akashika skrubu ya sailensa akaishusha, akaishusha tena, hadi pale ambapo masikio yake yalimwambia hakuna kitu na meno yakamwambia kipo. Akavuta mafuta ghafla: ikapanda bila kukabwa, ikarudi pale pale.

Mama wa saluni, aliyekuwa nyuma yake, akauliza jambo. Fundi hakugeuka. Akauliza tena.

"Ameshaanza kuringa," mtu mmoja akasema.

Mke wa fundi, aliyesimama mbele yake, akafungua mdomo amjibie. Fundi alimwona, akamzuia kwa mkono. Akatoa bisibisi mdomoni, akageuka. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini alisema kwa sauti ya kufika hadi ng'ambo ya barabara.

"Mama, mimi sisikii. Masikio yamekufa, hayarudi. Ukiwa na neno, nishike bega kwanza."

Mama wa saluni akaiangalia jenereta yake, iliyokuwa ikitembea kwa upole. Akamwangalia fundi. Akanyoosha mkono, akamshika bega.

"Kesho nakuletea na ya dada yangu," akasema.

Fundi alimwomba arudie, hakuyapata maneno vizuri. Mama wa saluni akarudia, polepole.