Bibi Pelagia na Jogoo wa Baba

Bibi Pelagia wa hapa Kigwa hapigi ramli wala hauzi hirizi. Kazi yake ni kuunga mifupa, basi. Hufumba macho akaupapasa mguu wa mtu polepole, mpaka vidole vipaone pale palipovunjika. Mfupa ukiwa umetoboa ngozi, hagusi. "Huu wa hospitali. Pandeni treni mwende Tabora."

Mwaka 1975, tukiwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, baba yangu Bernardo alianguka akitundika mzinga wa nyuki. Bibi Pelagia alimfunga mguu kwa vijiti vya mianzi na kamba za magome. Halafu, mbele ya macho yangu, akauvunja mguu wa jogoo wetu na kuufunga vilevile! Ndiyo desturi yake: siku jogoo atakapokanyaga chini kwa mguu huo, mgonjwa naye ainuke.

Basi Baba akawa analala akimtazama jogoo tu.

Wiki ya tano, Mama akiwa shamba la kijiji nami shuleni, shangazi Marcelina alikuja kutoka mjini. Akamkuta kaka yake amesinzia, amekonda. Akamchinja jogoo ampikie mchuzi.

Niliporudi pamoja na Mama, Baba alikuwa ameshakula nusu sahani, ndipo akauliza kuku katoka wapi.

"Umenimaliza, Marcelina! Yule alikuwa mguu wangu!"

"Wifi," Mama akafoka, "kuku kafungwa vijiti, hukuviona?"

"Nilidhani mmemfunga asitoroke!"

Baba akageukia ukutani. Hatembei tena maisha, alisema. Nikatoka mbio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Baba yako kaanguka tena?"

"Hapana. Amemla jogoo."

Bibi Pelagia alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipoingia kwetu hakucheka. Alichokoa kwenye sahani, akatoa mfupa wa mguu ule, akaupangusa kwa khanga.

"Papasa hapa, mwanangu."

Baba akapapasa. Palikuwa na nundu, ngumu.

"Sasa vunja."

Akajaribu kwa mikono miwili. Haukuvunjika.

"Kumbe umeunga?"

"Zamani! Alikuwa anaogopa tu kukanyaga, kama wewe."

Baba akauangalia mfupa, akatuangalia sisi. Akashika bega la shangazi, na langu, akashusha mguu chini. Jasho likamtoka. Hatua moja. Ya pili. Tukaenda hivyo mpaka nje, akaketi kizingitini juani, akihema na kutabasamu.