Ursula, Mama wa Papa

Juzi, katika duka moja la Braamfontein, huku ugenini tunakoishi, niliona kikombe chenye jina langu na maana yake: Ursula, kwa Kilatini, dubu jike mdogo. Nilicheka peke yangu, kwa sababu utotoni nilijua maana nyingine kabisa.

Nilipewa jina la bibi aliyemzaa Papa, baba yangu, kule Bukavu, na kwa desturi yetu Papa aliniita Mama. Mimi niliamini kweli nilimzaa.

Mchana mmoja, nikiwa bado mdogo, simu ilileta habari kwamba bibi amefariki. Sombe, kisamvu chetu, iliungua jikoni, moshi ukajaa nyumba nzima, na hakuna aliyejali. Papa alikaa kwenye kochi na sare yake ya ulinzi, akilia kwa sauti: "Sina mama tena mimi!"

Maneno hayo yaliniuma. Mimi niliyeogopa hata kusalimia wageni, nilipita katikati ya majirani waliokuja kutupa pole, nikamshika shavu.

"Papa, we! Si mimi niko hapa?"

Alinitazama, kilio na kicheko vikachanganyika, akaegemeza kichwa begani pangu. "Eish, pole Mama. Nilikusahau."

Kikombe nilikinunua. Papa alisoma ile maana, akatikisa kichwa.

"Wamekosea, Mama."