Aliyeitika Ndani ya Kabati

Baba mkwe wangu ni fundi seremala. Ujana wake uliishia vitani, na ya huko hasimulii hata umbembeleze vipi. Alichorudi nacho ni salamu. Giza likiingia, wale waliolala handakini waliulizana kwa kunong'ona, "Unapumua?" Anayejibu "Napumua" anamuuliza wa pembeni yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. Kimya kilikuwa na maana moja tu.

Siku hizi mtaa mzima unaamkiana hivyo. Muuza mkaa anamuuliza jirani yangu, "Shoga, unapumua?" naye anajibu, "Napumua, ila kwa pua moja!" wanacheka. Mimi nilipoolewa hapa nilidhani ni utani wa mafundi.

Kumbe karakana ina desturi yake. Kabla ya kufunga, Baba anaita mmoja mmoja. Mume wangu: "Napumua." Fundi wa kupiga msasa, tunayemwita Vumbi: "Napumua, mzee, ila mbavu zimegoma." Mwisho anaita, "Mluzi!" Karakana haina Mluzi. Baba anasubiri, kichwa ameinamisha, kisha anafunga kufuli. Mume wangu aliniambia huyo ni rafiki wa Baba aliyebaki huko vitani, kijana aliyekuwa anapiga mluzi hata akikatazwa.

Mimi shida yangu ilikuwa nyingine. Mwanangu alikuwa anakaribia miaka mitatu na hajatamka neno. Hospitali walisema masikio ni mazima, nivute subira. Nikimwita jina lake ananitazama tu, kama mgeni. Namwogesha huku naongea peke yangu mpaka koo linakauka.

Jioni moja nilimpeleka karakanani, akaniponyoka kwenye mbao. Baba akaita watu wake wote. Halafu akaita, "Mluzi!"

"Napumua."

Sauti ilitoka ndani ya kabati ambalo lilikuwa bado halijapakwa vanishi. Vumbi aliachia nyundo ikamwangukia mguuni, wala hakusema aa. Nikafungua mlango: mwanangu amekaa mle, magoti kifuani, nywele zimejaa maranda.

Nilimkumbatia nikalia kwa furaha. Baba hakumgusa.

Tangu siku hiyo Baba aliacha kuita, na mtoto naye akarudia ukimya wake. Nikashindwa kuvumilia, nikambeba mtoto, nikamfuata mzee kazini.

"Baba, naomba umwite tena. Ndilo neno lake pekee."

"Mwanangu, yule nilikuwa namwita ili nijue hayupo."

"Na wangu je? Nitajuaje kwamba yupo?"

Akaendelea kupiga randa. Mtoto alikuwa ameshaingia kwenye kabati lile lile na kurudishia mlango. Basi nikaita mwenyewe.

"Mluzi!"

"Napumua." Halafu, polepole, neno nililolisubiri tangu nimzae: "Mama. Unapumua?"

"Napumua, baba'angu. Napumua."

Hapo nikakumbuka utaratibu: aliyejibu lazima amuulize wa pembeni. Nyuma yangu randa ilikuwa imenyamaza. Nikauliza bila kugeuka, "Baba, unapumua?"

Alichelewa kujibu. Na alipojibu sikumsikia vizuri, maana ndani ya kabati mwanangu, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha, alikuwa ameanza kupiga mluzi.